Kwenda kula nyumbani kwa mtu kwa kulipia hapa Tanga: namna ya kufanya usije ukaumbuka

Kuna watu kama wanne hivi wamenifata mwezi huu wanauliza kitu kile kile, eti nasikia kuna nyumba Ngamiani unaenda kula kama mgeni afu unalipa, inakuaje hiyo, unaingia tu au unafanyaje. Nimechoka kurekodi voisi ndefu kwa kila mmoja kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Sio mamantilie na sio hoteli. Mamantilie yupo kila siku palepale, unapita unakula unaondoka. Hapa tunaongelea nyumba ya mtu kabisa, sebule yake, ua wake, masinia yake ya harusi, anapika siku moja moja akijisikia, watu wachache wanalipa wanakula, kesho ukipita mtaani unakuta kanga zimeanikwa kwenye kamba na huwezi kujua kama jana usiku watu kumi na mbili walikuwa wamekaa hapo wanagombania ukoko. Vijana wanaita popapu. Mimi nimekula kwenye nyumba tatu za namna hii hapa mjini, moja ya kijana Raskazone anayepika kisasa na mishumaa mezani, moja Chumbageni ambayo imeshafungwa, na ya tatu ni ya Bibi mmoja Ngamiani ambayo ndo nitaiongelea zaidi kwa sababu ndo nimeenda mara nyingi na ndo ina vituko. Jina lake sitaji na barabara namba ngapi sitaji, akikutaka utapajua.

Kitu kinachowasumbua watu wengi ni kwamba wanaenda na kofia moja tu. Mwingine anaenda kama mteja, anaita "we dada", anauliza menyu, analalamika soda haina baridi. Mwingine anaenda kama mgeni wa sikukuu, anakuja na shemeji na watoto wawili ambao hawakuhesabiwa, hela anasema atatuma kesho. Sasa pale wewe ni mteja na ni mgeni kwa wakati mmoja, umelipa ndio, lakini umevua viatu mlangoni kwa mtu. Karibu kila nitakachosema huko chini kinatoka hapo.

1. Jua lini wanapika

Kijana wa Raskazone ni rahisi, anaposti kila wiki. Bibi hana tarehe, Bibi anaenda na bahari.

Chakula chake kikuu ni pweza, na pweza wake anatoka kwa kina mama wanaoingia mwambani kwa miguu, maji yakishatoka wanatembea na kijiti wanachokonoa kwenye matundu ya mwamba. Hiyo inawezekana vizuri siku za bamvua, pale bahari inapotoka mbali mpaka mwamba unabaki wazi, na bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Hapo katikati ni maji mafu, bahari haitoki kihivyo, pweza wa kufata kwa mguu hakuna na Bibi hapiki. Nilimuuliza siku moja si ununue tu wa kwenye friji pale soko la samaki Deep Sea, akaniangalia kama nimemtukania mtu, akasema pweza wa friji mpe paka.

Kwa hiyo ukitaka kwenda kwa Bibi angalia juu usiku. Ukiona mwezi unakaribia kujaa anza kukaa karibu na simu. Sitanii, kuna mshkaji wangu anafanya kazi bandarini ana jedwali la kupwa na kujaa kwa maji kwenye simu, yeye ndo anatutonya siku mbili kabla hata Bibi hajasema kitu.

Ramadhani hapiki kwa ajili ya watu wa nje, anafuturisha jirani zake na ukoo wake, usimsumbue.

2. Pata nafasi, na lipa kwa akili

Tangazo linatoka kwenye stetasi ya WhatsApp ya mjukuu wake na linakaa masaa machache tu. Linakuwa fupi, "Ijumaa. Pweza. Kumi na wawili." Basi. Hakuna picha, hakuna bei. Kama huna namba ya mjukuu inabidi uwe na mtu aliyeshawahi kwenda akutaje, kwa maana Bibi anauliza "huyu kaletwa na nani", na ukifanya vituko anayeulizwa ni yule aliyekuleta, wewe hata hakufokei. Nadhani ni utaratibu mzuri kuliko hizo nyota tano za kwenye mitandao.

Mbona kumi na wawili? Nimesoma kwamba Kuba, ambako migahawa ya majumbani wanaiita paladar, sheria ya miaka ya 90 iliwabana wasizidishe viti 12. Kwa Bibi hakuna sheria, ana masinia makubwa matatu na kila sinia linakaa watu wanne, hesabu imeishia hapo. Kwa hiyo ukisema "naja na mtu mmoja wa ziada atajibana tu" ujue hakuna pa kujibana, mtu wa tano kwenye sinia anamla mwenzake. Mimi yalishanikuta, nilienda na binamu yangu katokea Korogwe ghafla, nikaona aibu kumwacha nyumbani. Bibi hakumfukuza. Alimkalisha, akamkaribisha vizuri kabisa, kisha akachukua sehemu yake mwenyewe na ya mjukuu akamuwekea, wao wawili wakala wali mkavu na achari mbele ya macho yangu. Sijawahi kushiba vibaya kama siku ile.

Kuhusu hela, kwa Bibi mara ya mwisho nililipa elfu ishirini kichwa kimoja, nusu unatuma kabla kwa M-Pesa kama kishika nafasi na nusu unatoa pale pale. Raskazone ni ghali zaidi kwa sababu ya ile mishumaa. Kabla hujatuma, piga simu usikie sauti, na lile jina linalotokea kabla hujabonyeza kukubali lisome, usiwe na haraka. Sisi wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na matapeli siku hizi wanaiba mpaka picha za biriani za watu wanatangaza chakula ambacho hakipo. Mtu akikutaka ulipe yote kabla, hakupi mtaa na hataki kupokea simu, achana naye ukale chipsi.

Ukishalipa halafu ukapata udhuru, sema mapema na umtafute wa kukaa kwenye nafasi yako. Hela usiombe irudi, nazi zimeshanunuliwa.

3. Sema usichokula kabla, sio ukiwa umeshakaa

Hapa pana mambo. Chungu ni kimoja na watu ni kumi na mbili, hakuna cha kukupikia pembeni. Na huku kwetu nazi iko kila mahali, iko kwenye wali, iko kwenye maharage, kwenye samaki, kwenye kisamvu, iko mpaka kwenye mkate. Nimemuona kwa macho yangu dada mmoja katoka Arusha amekaa vizuri, amenawa, sinia limeshuka, ndo anasema "mimi nazi inanisumbua tumbo". Palikuwa kimya mpaka nikasikia kuku wa jirani. Alichoishia kula ni kachumbari na ndizi mbivu.

Kwa hiyo siku ile ile unayotuma kishika nafasi andika meseji moja iliyonyooka, mfano, sili vitu vya bahari vyenye gamba, au nina aleji ya karanga, au nina kisukari naomba juisi yangu isitiwe sukari. Bibi hakasiriki kabisa ukisema mapema, kuna mzee mwenye presha anamtolea mchuzi wake kabla hajaukoleza chumvi. Aleji ya kweli usione haya kuirudia na ukifika, kwa sababu kashata za karanga zinazunguka kwenye sahani moja na za nazi.

Vegetarian... yani wale wasiokula nyama wala samaki, kwa Bibi msiende siku ya pweza. Ombeni siku ya mbaazi za nazi, ipo lakini ni mara chache.

Na pombe hakuna. Usije nayo kwenye begi, usije umeshakunywa.

4. Saa mbili ni saa mbili ya usiku

Ikiandikwa saa mbili maana yake watu wameshaswali isha, wamepumzika kidogo, wanaanza kuja. Nasema hivi kwa sababu kuna Mjerumani alikuwa mgeni wa rafiki yangu, simu yake ikamtafsiria tangazo ikamwambia saa 2, akatokea saa nane mchana jua la utosi, kapiga shati la kunyoosha na maua mkononi. Akamkuta Bibi uani kajifunga kanga kifuani anamenya vitunguu swaumu. Bibi Kijerumani hajui na yeye Kiswahili ni jambo na asante. Bibi akamuonesha mbuzi kwa kidole. Akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi sita mpaka alasiri, jasho linamtiririka, na ile jioni ndo mtu pekee ambaye Bibi alimuongezea kitoweo bila kuomba. Kwa hiyo kuwahi sana kunaweza kukulipa, ila sio mpango mzuri kwa kila mtu.

Kuchelewa ndo kubaya. Sinia la watu wanne haliwezi kuanza na watatu, kwa hiyo wewe ukiwa bado unatafuta bajaji kuna watu watatu wasiokujua wanakuchukia kwa njaa.

5. Kufika

Ngamiani barabara zina namba kwa hiyo hata mgeni hapotei sana, unamwambia dereva wa bajaji barabara ya ngapi na karibu na nini, basi. Kama unatoka Dar utashuka stendi ya Kange, na ukifika mapema una muda wa kwenda mpaka mapango ya Amboni ukarudi ukaoga. Oga kweli lakini, joto la Tanga lina unyevu, na mtakaa bega kwa bega.

Ukishafika kwenye mtaa usiulize "hoteli ya Bibi iko wapi". Majirani hawapendi na Bibi hapendi zaidi, kwake sio hoteli. Piga simu mjukuu atoke mlangoni. Lokesheni ikitumwa kwako isiende kwa mtu mwingine.

6. Uvaeje, ubebe nini

Kitu chepesi na kipana, utakaa chini kwenye mkeka kwa zaidi ya saa moja, suruali ya kubana itakutesa kuanzia dakika ya kumi. Wadada gauni refu au dera halafu mtandio mkononi, hakuna atakayekulazimisha lakini ni nyumba ya mtu mzima. Soksi kagua. Viatu vinabaki nje na mimi niliwahi kwenda na soksi yenye dirisha kwenye kidole gumba, nikakaa usiku mzima nimekunja mguu kama mwali.

Mkononi beba kitu kidogo. Umelipa, ndio, lakini bado usiingie mikono mitupu kwa mtu mzima. Kilo ya sukari inatosha, au machungwa ya Muheza kama ni msimu, au majani ya chai. Usibebe chakula kilichopikwa, hata keki, maana ni kama unamwambia nilijua sitashiba. Kwa kijana wa Raskazone hii sio lazima.

7. Mlangoni

Piga hodi, usubiri ukaribishwe, piga tena. Shikamoo inakuja kabla ya kitu kingine chochote, na usiishie hapo ukaingia, kaa kidogo kwenye salamu, habari za hapa, habari za wanao, mwambie umetokea wapi. Bibi atakuuliza "wewe mtoto wa nani" na hata kama ukoo wako haumjui hata mtu mmoja hapa Tanga, jibu, yeye atatafuta mpaka apate pa kuunganisha. Mimi katika salamu hizo niligundua kwamba nina undugu na fundi baiskeli wangu.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo watu wengi hawaambiwi. Huvuki kizingiti mpaka utegewe kitendawili. Anasimama mlangoni na upawa mkononi anasema "Kitendawili!" na wewe unajibu "Tega!" kwa sauti, sio kwa kunong'ona. Anatega. Ukitegua unaingia unachagua pa kukaa. Ukishindwa anakwambia "nipe mji", unampa mji, akiukubali anakupa jibu, na wewe unakaa atakapokuonesha, ambapo mara nyingi ni karibu na jiko la makaa.

Mara ya kwanza alinitegea "kuku wangu katagia mibani". Na mimi nimezaliwa hapa, hicho nimekisikia toka chekechea, lakini njaa ilikuwa imeshanipanda kichwani nikasema mchongoma. Ni nanasi bwana. Nikampa Dodoma. Kwa hiyo ushauri wangu, njiani kwenye bajaji pitia pitia vile vya utotoni, nyumba yangu haina mlango, popote niendapo anifuata, popoo mbili zavuka mto, kwa sababu anapenda vya zamani, vya kubuni hatumii. Mgeni asiyejua Kiswahili anaruhusiwa kutegewa na mwenzie amsaidie.

8. Kwenye sinia

Mjukuu atapita na birika na beseni, unanawa palipo ulipo, mikono yote miwili, usikung'ute maji kwa mwenzio. Simu inaingia kwenye kikapu cha ukili kilichopo mlangoni, zote, na kikapu kinapanda juu ya kabati. Kama unasubiri simu ya maana, labda mgonjwa au mke anakaribia kujifungua, mwambie mjukuu ataisikiliza.

Sinia lina adabu zake na nitazisema haraka kwa aliyekulia kwenye meza na vijiko. Mkono wa kulia. Bismillah au sala yako kimoyomoyo. Kula mbele yako, yani ile sehemu ya wali iliyo upande wako ndo shamba lako, usivuke mpaka, na usichimbe katikati. Katikati ndo kuna kitoweo, na kitoweo anagawa aliye mkubwa kwenye sinia lenu, wewe subiri utasogezewa. Ukishaanza kulamba vidole maana yake umemaliza, usilambe kisha ukarudi. Tonge lisiwe kubwa la kukufanya ufungue mdomo kama kiboko. Mwiba unaweka ukingoni mwa sinia upande wako. Ukishiba kabla ya wenzio usiinuke, chezea chezea punje tatu nne mpaka wote wamalize, ukiinuka wewe na mwenye njaa ataona haya kuendelea.

Kama kula kwa mkono huwezi, omba kijiko, hakuna atakayecheka. Bibi anacho kimoja. Mkiwa wawili mnapokezana.

Hao watatu wengine kwenye sinia lako huwajui na hiyo ndo raha yenyewe. Nimeshakula na mwalimu mstaafu, na dereva wa lori la mkonge, na mdada wa benki. Mnaanza kimya, pweza akifika mnaanza kuongea. Mpira unafaa, Simba na Yanga mtagombana lakini ukiwataja Coastal Union hapa kila mtu anakuwa ndugu, na wazee watakwambia habari za ubingwa wa 1988 mpaka wali upoe. Biashara zako usizitangaze. Kuna jamaa alitoa vipeperushi vya viwanja akavigawa kwenye mkeka, na hajawahi kualikwa tena.

9. Chakula chenyewe

Usiku wa bamvua kwa Bibi unaenda hivi. Mnaanza na juisi ya ukwaju na bajia za kunde, chache, usizimalize, ni mtego. Unafata mkate wa kumimina, ule wa mchele ulioloweshwa ukasagwa na tui, hamira na iliki, ukaumuka, ukapikwa moto chini na makaa juu ya kifuniko mpaka uso umekuwa wa kahawia na ndani una vitundu kama sega. Wengine wanauhesabu ni kitu cha chai, Bibi anauleta mwanzo ili uchovye kwenye mchuzi wa pweza unaotangulizwa kwenye bakuli dogo. Tamu ya mkate na chumvi ya mchuzi, mwanzoni nilidhani kakosea.

Halafu wali wa nazi na pweza. Nilishamkalia jikoni nikamuona. Pweza anapigwa kwanza juu ya jiwe mpaka alegee, anaoshwa utelezi wote utoke, anachemshwa bila kutiwa maji hata tone maana anatoa yake mwenyewe ya kumtosha. Chumvi baadaye. Anakatwa vipande, anaingia kwenye vitunguu, nyanya, swaumu, tangawizi na bizari, kisha tui la pili, lile jepesi, anatokota nalo. Tui la kwanza zito linaingia mwisho kabisa na hapo Bibi haongei na mtu, anakoroga bila kuacha, kwa sababu ukiliacha likachemka peke yake linakatika na mchuzi wote unakuwa mafuta huku na maji kule. Ndimu akishaepua. Sasa wewe ukiwa pale mkekani unasikia jikoni kumekuwa kimya ghafla, ujue ndo tui linaingia, na hata watu wanashusha sauti.

Siku nyingine kunakuwa na changu wa kupaka badala yake, au bada la muhogo na mchuzi wa papa, na hii ya mwisho kama hujazoea harufu ya papa vuta pumzi kwa mdomo matonge mawili ya kwanza, la tatu utakuwa umeshasahau. Kwa maoni yangu bada lake ni zuri kuliko hata pweza, lakini ukisema hivyo kwa sauti utabishaniwa.

Usile mchana ule. Chai na andazi asubuhi, basi.

Mwisho ni kahawa chungu kutoka kwenye dele, vikombe vile vidogo, na kashata au tende. Ukishatosheka funika kikombe kwa kiganja, la sivyo mjukuu anaendelea kumimina na utaona alfajiri macho makavu.

10. Umeme, choo, picha

Umeme ukikatika usipige kelele, usiombe simu yako kwa ajili ya tochi, kuna chemli tatu zimeshawashwa uani toka mwanzo kwa sababu Bibi anaijua Tanga.

Choo kipo nyuma upande wa kushoto, cha kuchuchumaa, kandambili ziko mlangoni ni za kila mtu, maji kwenye pipa na kopo lake. Ukitoka jaza kopo.

Picha unapewa dakika zako baada ya kahawa simu zikirudi. Piga masinia, piga mkeka, piga miguu yenu kama ni lazima. Bibi na mabinti wa nyumbani usiwapige bila kuwauliza, wako kwao, wengine hawajajifunika. Picha inayoonesha nyumba kwa nje usiposti, na mtaa usitaje. Ile nyumba ya Chumbageni niliyosema imefungwa ilifungwa hivyo hivyo, mtu kaposti mlango na namba ya barabara, wiki iliyofuata watu arobaini wamesimama nje wanagonga.

11. Kumaliza hela, na habari ya ukoko

Nusu iliyobaki iweke kwenye bahasha au ikunje vizuri, umpe mjukuu wakati wa kuaga, sio Bibi mkononi na sio katikati ya mazungumzo. Chenji usidai kama ni mia tano. Bakshishi kwa mjukuu inapokelewa, kwa Bibi itarudishwa na utaambiwa maneno.

Chakula kikiwa na kasoro, labda mwiba umepitiliza au chumvi imezidi, mwambie mjukuu pembeni siku ya pili. Nilishamsikia mtu anasema mbele za watu "wali umeshika moto kidogo". Kumbe masikini ndo alikuwa anaongelea ukoko.

Ukoko ni hivi. Kila sufuria linatoa ukoko mmoja chini, wa kahawia, umekolea tui, unakatika kama biskuti. Masufuria mawili, watu kumi na mbili. Hauuzwi, hauwekewi oda, hauombwi. Anapewa anayetakiwa kupewa, na katika mara saba nimepata mara mbili tu. Nilichogundua ni kwamba aliyesaidia kutoa masinia bila kuambiwa ana nafasi nzuri, aliyenyamaza tui likiwa linaingia ana nafasi, na aliyeuliza "na ukoko je?" hana nafasi kabisa. Mjerumani alipewa kipande cha kiganja kizima akafungiwa kwenye jani la mgomba.

Bajaji ya kurudi panga nayo kabla, usiku mtaa unakuwa kimya na ukisimama nje mnapiga soga majirani wanaamka. Aga kila mtu kwenye sinia lako, aga Bibi mwisho. Atakwambia "haya, waja leo waondoka leo" na huo sio msemo wa kukufukuza, anawaambia wote.

Asubuhi yake tuma meseji fupi ya shukrani kwa mjukuu. Fupi tu, nimeshukuru, nimefika salama, nisalimie Bibi. Hao ndo wanaotajiwa mapema bamvua ijayo, nimeshahakikisha.

Inayofuata ni wiki ijayo kama mwezi unavyoonekana. Mimi nimeshampa Dodoma, Mwanza, Moshi na Kigoma, na mara ya mwisho nikaishiwa nikamwambia chukua Tanga, akakataa, akasema Tanga ni yake tayari, nirudi nje nikatafute mji mwingine.